Daftari la Bertin

Kila asubuhi nilipotoka nyumbani niliruka kizingiti. Watu wengine walikivuka tu, lakini mimi nilikiruka kama ninakwepa dimbwi. Kwenye saruji ya kizingiti hicho palikuwa na alama ya unyayo wa mtoto, na vidole vyote vitano vilionekana vizuri, maana siku saruji ilipomwagwa mtoto alipita kabla haijakauka. Mtoto huyo hakuwa mimi, wala mtu yeyote wa ukoo wetu. Alikuwa Bertin Tshibangu, na nyumba ilikuwa yao.

Ulikuwa mwaka wa 1994, hapa Likasi, upande wa Kikula. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba yangu, Mathieu, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika kiwanda ambacho siku hizo kilitoa moshi mara chache na mshahara mara chache zaidi. Shule yetu ilikuwa imefungwa kwa sababu walimu hawakulipwa. Alfajiri mama yangu, Marceline, aliwasha mbabula, lile jiko letu la makaa, tukanywa chai isiyo na sukari, kisha yeye akaenda sokoni kuuza makaa na mimi nikaenda kwa Madame Alphonsine.

Baba alikuwa ameniambia jambo moja tu kuhusu masomo. Nikifaulu mtihani wa kuingia sekondari ya masista mwezi wa sita, nitasoma. Nikishindwa, nitakaa sokoni na mama, na habari ya shule itakuwa imekwisha. Hakulisema kwa hasira, ndiyo maana nilijua kwamba hatalibadilisha.

Madame Alphonsine alikuwa amefundisha darasa la sita kwa miaka ishirini na mitatu. Shule ilipofungwa, alitukusanya watoto kumi na tisa sebuleni kwake. Ubao ulikuwa mlango wa kabati uliopakwa rangi nyeusi. Chaki hakuna, kwa hiyo aliandika kwa vipande vya mawe meupe alivyoletewa kutoka Kakontwe, na vilipokwaruza ubao meno yetu yote yaliuma. Fimbo hakuwa nayo. Wazazi wengine walimlaumu kwa hilo, wakasema mwalimu gani huyu.

Hakuwa na desturi ya kusema jibu ni sahihi au si sahihi. Ukimaliza hesabu yako ubaoni, alikutazama juu ya miwani yake iliyofungwa uzi na kukuuliza swali lile lile kila siku:

“Mwenye hakuwako, atasikia?”

Alimaanisha, mtu ambaye hakuwepo sebuleni siku ile, akisoma ulichoandika, ataelewa? Ukisema ndiyo, alikuuliza ataelewaje. Hapo ndipo wengi tulipokwama.

Huyo asiyekuwepo hakuwa mtu wa kubuni. Asubuhi Madame aliita majina arobaini na moja, ingawa tulikuwa kumi na tisa. Yale ishirini na mawili mengine yalikuwa ya wenzetu waliokuwa wameondoka. Kila mmoja wetu alikuwa na madaftari mawili, moja lake na moja la mwenzake aliyeondoka, na watatu kati yetu walikuwa na matatu. Tulichojifunza tulikiandika mara ya pili kwa ajili ya yule mwingine, hatua kwa hatua, ili siku moja akipate. Madame alipoita jina la asiyekuwepo, mwenye daftari lake aliitika, “Minamuandikia, Madame.” Mara za kwanza iliniwia ajabu kusikia majina yale yakiitikiwa na sauti za watu wengine.

“Bertin Tshibangu.”

“Minamuandikia, Madame,” nilisema kila siku, na kila siku nilidanganya.

Inafaa nieleze waliondokaje, kwa sababu watoto wa leo wanaweza kudhani walihama kwa hiari. Mwaka wa 1992 na wa 1993 wakubwa wa siasa walisema watu wenye asili ya Kasai warudi kwao, hata wale waliozaliwa hapa Likasi na kuijua Kasai kwa masimulizi ya babu zao tu. Vijana walipita nyumba kwa nyumba wakiwa na mawe. Familia zilikimbilia stesheni, zikakaa huko wiki nyingi chini ya maturubai zikingoja treni, na wengine walifia pale pale. Nyumba zao zilibaki wazi. Sisi tulikuwa tunapanga chumba kimoja ng'ambo ya barabara. Baba alisema nyumba ya Tshibangu tusipoingia sisi, ataingia mtu mwingine, na hilo lilikuwa kweli, lakini halikunisaidia kulala. Mzee Tshibangu ndiye aliyemfundisha baba kazi ya kuchomelea.

Siku moja mama alinituma stesheni niwapelekee akina Tshibangu mihogo ya kuchemsha. Aliniambia niwape tu, nisikae. Bertin alinikuta kwenye lango. Alikuwa amekonda, na amevaa koti la baba yake.

“Fidélie, nani iko mu nyumba yetu?” aliniuliza.

“Hakuna muntu,” nikasema. “Iko ya kufungwa.”

Akafurahi. Nilimwona akikimbia kati ya maturubai kwenda kumwambia mama yake. Wakati huo tulikuwa tumelala siku nane ndani ya nyumba yao.

Basi Madame alipogawa madaftari, la Bertin likaniangukia mimi, kwa sababu tulikuwa tunaketi dawati moja. Kurasa za kwanza niliziandika vizuri. Baadaye, kila nilipoandika “Bertin, leo tumejifunza,” nilimwona akikimbia kati ya maturubai. Nikaanza kuandika majibu tu bila maelezo. Kisha nikaandika tarehe tu. Nani atalisoma, nilijiambia. Na kwa kuwa sikumweleza Bertin, hata mimi mwenyewe sikuelewa. Kugawanya kwa sehemu kulinishinda kabisa. Nilijua kugeuza namba chini juu kama tulivyoonyeshwa, lakini sababu yake sikuijua, na ukinibadilishia swali kidogo tu nilipotea.

Mwezi wa tano mdogo wake Madame, mama Mélanie, alifika na mizigo ya chumvi. Alikuwa mfanyabiashara wa treni, na Jumamosi angepanda kwenda Mwene-Ditu, huko Kasai, ambako wengi wa wenzetu walikuwa wamefikia. Madame akatutangazia kwamba madaftari yote ishirini na mawili yatakwenda naye. Lakini kwanza mama Mélanie atayasoma. Yeye aliacha shule darasa la tano, na darasani kwetu hakuwahi kuingia. Asipoelewa daftari la mtu, mtu huyo jina lake halitapelekwa kwa masista kwa ajili ya mtihani.

“Kama hujui kumuelezea mama Mélanie,” alisema Madame, “masista nao utawaelezea nini?”

Nilikuwa na siku mbili na kurasa arobaini tupu. Nilifanya anachofanya mwizi mvivu. Nilimwomba Pitshou daftari alilomwandikia Georgette, nikamwambia nataka kulinganisha. Pitshou alikuwa mropokaji lakini mwandikaji mzuri. Nikakaa nyuma ya nyumba nikanakili kila neno, mkono ukienda na akili imelala, mpaka vidole vikafa ganzi. Nilipomaliza nilijisifu, daftari lilikuwa limejaa.

Alhamisi mama Mélanie aliketi kwenye kiti cha Madame akasoma moja baada ya jingine, midomo yake ikitembea. Alipofika la Bertin alisoma ukurasa mmoja, akarudi nyuma, akalisoma jina lililo juu ya jalada.

“Huyu Bertin njo kijana?” aliuliza. Nikasema ndiyo. Akasoma kwa sauti: “‘Chukua riboni zako tatu, zile ulifungiaka nywele siku ya komunyo ya kwanza, ukate kila moya mu nusu.’ Alikuwa kijana wa riboni, ama?”

Sebule nzima ilicheka. Pitshou alicheka pia, mpaka alipoyatambua maneno yake mwenyewe, akanigeukia. Mimi nilitamani ardhi ya Kikula ipasuke. Mama Mélanie aliendelea kufungua kurasa, akakuta salamu kwa dada yake Georgette na habari ya mbuzi wao, zote nimezinakili kwa mwandiko wangu bora.

Madame hakucheka. Aliwatuma wengine uani, akafunga mlango. Nilianza kulia kabla hajasema kitu, kwa sababu niliyaona makaa ya sokoni, miaka yote ya makaa. Nilimwomba asimwambie baba. Nikamwambia hesabu zimenishinda na kwamba mimi ni mjinga tu.

“Wewe si mujinga,” alisema, akilinyanyua daftari la Bertin. “Mwanzo wa kaye hii uliandika muzuri, kisha ukaacha. Mutoto mujinga haachake katikati. Unaogopa nini kwa ule Bertin?”

Nilijaribu kutafuta uongo mwingine, sikuupata. Nilimwambia kwamba tunakaa katika nyumba yao.

“Ile Kikula yote inajua,” alisema.

“Nilimuambiaka bongo,” nikasema, ndivyo tunavyouita uongo. “Ku gare, ku stesheni. Aliniuliza nani iko mule, nikasema hakuna muntu. Akafurahi, Madame. Alienda kumuambia mama yake.”

Madame alivua miwani akaanza kuipangusa, ingawa ilikuwa safi. Kisha akaniambia jambo ambalo, nadhani, hakuwahi kumwambia mtoto.

“Mi waliniletea liste ya majina ku masomo,” alisema. “Wakasema nifute majina makumi mbili na mbili mu registre ya kuita majina. Nikafuta. Unajua nilitumia nini? Rula. Sikutaka mistari ikuwe ya kupinda.” Alivaa miwani tena. “Hauwezi kufundisha muntu mwenye unakimbia. Anza na ile yenye iko kweli. Hesabu itafuata nyuma.”

Akanipa daftari jipya, la mwisho alilokuwa nalo, na muda mpaka Ijumaa jioni.

Nilirudi nyumbani nikaketi mezani. Sentensi ya kwanza ilinichukua muda mrefu kuliko zote nilizowahi kuandika: “Bertin, ku gare nilikudanganya, siye njo tunakaa mu nyumba yenu.” Nilipoiandika nilidhani kitu kitatokea, kwamba mlango utafunguka wenyewe. Hakuna kilichotokea. Mama alikuwa anapima unga wa bukari, ugali wetu. Tulikuwa na bakuli tatu za unga zimebaki, na siku hizo mama alipika nusu bakuli kwa siku, hazidishi hata kiganja. Nikamuuliza unga utatufikisha lini. Akanijibu bila kufikiri: siku sita.

Nikabaki na kalamu hewani. Bakuli tatu, ukitoa nusu nusu, ni mara sita. Tatu kugawanya kwa nusu ni sita. Ndiyo maana jibu linakuwa kubwa badala ya kuwa dogo, ndiyo maana tunageuza chini juu, kwa sababu tunauliza nusu ngapi zimo. Miezi mitano Madame alikuwa anaeleza jambo hilo, na mama yangu alikuwa analipika kila jioni mbele ya macho yangu. Niliandika kwa furaha: “Bertin, mama yako naye anapima unga. Muangalie vile anafanya, utasikia.” Kutoka hapo mkono haukusimama.

Lakini ukurasa wa kwanza ulikuwa unawahusu wazazi wangu pia, kwa hiyo Ijumaa asubuhi niliwasomea. Baba alibadilika uso. Alisema daftari hilo halitatoka nyumbani. Kesho watu watakuja na makaratasi yao, wakionyesha kwamba mtoto wake mwenyewe ameandika. Alilichukua mkononi akaliweka juu ya kabati. Mimi nilimwona akilini mama Mélanie akipanda treni bila daftari langu, na masista wakisoma orodha isiyo na jina langu.

Mama aliendelea kuchambua sombe, majani ya mihogo. “Mathieu,” alisema, “hata kaye ikibakia hapa, nyumba haitakuwa yako.”

Baba alitoka nje. Alikaa uani kwa saa nzima, akitengeneza mpini wa jembe ambao haukuwa umevunjika. Aliporudi alilishusha daftari mwenyewe. Akasema nibadilishe neno moja, niandike kwamba tunaichunga nyumba. Mama akasema kuchunga ni neno la kujisifu, tunakaa. Baba akanirudishia daftari. Niliacha “tunakaa” kama lilivyokuwa.

Jioni ile mama Mélanie alisoma daftari langu lote. Ukurasa wa kwanza aliusoma mara mbili. Alipofika kwenye bakuli za unga aliomba kalamu, akajiandikia hesabu yake mwenyewe kwenye kiganja: magunia matano ya chumvi, kila mteja nusu gunia. “Bateja kumi,” alisema, na alionekana kujishangaa. Madame akaandika jina langu kwenye orodha ya mtihani.

Nilifaulu. Sikuwa wa kwanza, nilikuwa wa tatu kutoka chini kati ya waliofaulu, kwenye karatasi iliyobandikwa langoni kwa masista, lakini karatasi ilikuwa na mstari chini yangu, na walioshindwa walikuwa chini ya mstari huo. Pitshou naye alifaulu sekondari ya wavulana, na alinisamehe baada ya kunitania wiki nne kuhusu riboni.

Jibu la Bertin lilifika mwezi wa kumi na moja, Jumapili, mvua ikinyesha. Mama Mélanie alilileta ndani ya mfuko wa chumvi. Lilikuwa karatasi mbili alizozichana kutoka kwenye daftari lile lile. Baba aliniambia nisome kwa sauti.

“Fidélie, mama alijuaka tangu ku gare. Muntu alimuambia. Aliniacha nifurahi tu. Mi njo sikujua, na nilikasirika, kaye yako nikaitupa chini ya kitanda. Kisha mvua ikanyesha siku nyingi, nikaisoma. Hesabu ya kumi na ine umekosa, ni makumi saba na mbili, hapana makumi sita na mbili. Huku batoto bananicheka, banasema minasema kama mugeni. Masomo hakuna. Baba alikufa mu treni, mbele ya kufika. Kama uko ku sekondari, niandikie ya sekondari. Usifupishe.”

Baba alinyoosha mkono, akachukua karatasi, ingawa alikuwa ameshasikia yote. Alizishika muda mrefu juu ya magoti. Sikuwahi kumwona baba akilia, na siku ile pia alijificha, akageuzia uso ukutani. Kisha akasema polepole kwamba mzee Tshibangu alimshika mkono wake wa kulia miezi mitatu, kiwandani, mpaka ukaacha kutetemeka juu ya moto.

“Muandikie mama yake,” aliniambia. “Siku atarudia, atanikuta inje, niko na funguo mu mukono.”

Kesho yake baada ya shule nilipita kwa Madame Alphonsine. Sebuleni palikuwa na kundi jipya, na majina yale ishirini na mawili yalikuwa bado yanaitwa. Nilimpa karatasi za Bertin. Alizisoma akiwa amesimama, na alipofika kwenye hesabu ya kumi na nne alitikisa kichwa, akasema hata yeye ilimpita. Kisha nilimwomba msamaha kwa daftari lile la kwanza, kwa sababu sikuwa nimemwomba. Alinirudishia karatasi zangu, akawageukia watoto wote, akasema ili kila mtu asikie:

“Kile unaweza kumupa mwingine bila kumudanganya, ile njo elimu yako. Ingine yote ulinakili tu, hata kama uliandika muzuri. Na muntu hawezi kufundisha mwenzake hesabu, na bongo iko katikati yao.”

Akanisogezea kiti pembeni, karibu na dirisha. Niliketi, nikafungua daftari, nikaandika tarehe na jina lake. Chini yake nikaandika: “Bertin, mbele ya kuanza aljebra, baba yangu iko na neno kwa mama yako.”